Mchanga wa Mto Ndio Mtungi wa Ukambani

Msafiri apitaye katika nchi ya Ukambani mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za Novemba kufika, huvuka madaraja mengi yasiyo na maji chini yake. Mto wote ni mchanga mtupu, mweupe na mpana, umelala juani kama njia kuu iliyofagiliwa. Mgeni akiutazama husema kwamba mto umekufa. Lakini akikawia kidogo atamwona mama akishuka ukingoni na punda wake, na mitungi minne mgongoni mwa punda. Mama huyo huingia katikati ya mchanga, hupiga magoti katika shimo lililochimbwa zamani, hufukua kwa kata, kisha hungoja. Baada ya muda maji hujitokeza chini ya shimo, kwanza ya rangi ya tope, halafu safi. Naye huyachota, kata moja baada ya nyingine, mpaka mtungi wa kwanza ujae, na wa pili, hata wa nne.

Mto haukufa. Umeyaficha maji yake chini, jua lisiyafikie.

Jambo hili si geni kwa wazee wa Machakos, Makueni na Kitui. Walilijua tangu kale, na mifugo yao iliponea kwalo katika miaka mingi ya njaa. Lakini lipo jambo la pili, ambalo ni jipya, nalo yafaa lifahamike kwa kila mwenye shamba na kila mwenye kujenga nyumba. Mchanga ule ndio mtungi wenyewe wa maji. Wanaokunywa katika mtungi huo wameongezeka mara nyingi, na wakati huo huo wako watu wanaouchukua mtungi wenyewe, wakaupakia katika malori, wakaupeleka mjini.

WATU WALIVYOONGEZEKA

Mwaka 1932 watu wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na nchi iitwayo leo Makueni, walikadiriwa kuwa kiasi cha 240,000. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Machakos ilikuwa na watu 1,421,932, na kaunti ya Makueni watu 987,653. Mipaka si ile ile kabisa, maana sehemu zilizokuwa za masetla na mbuga zilizokuwa tupu zimeingizwa ndani yake. Hata hivyo, yeyote ajuaye kuhesabu aona kwamba pale alipokuwapo mtu mmoja, sasa wapo karibu kumi. Katika Kitui, upande wa mashariki ambako mvua ni haba zaidi, hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,136,187.

Mvua haikuongezeka mara kumi. Inanyesha kama desturi yake, kwa misimu miwili: mara ya kwanza baina ya Machi na Mei, na mara ya pili baina ya Oktoba na Desemba. Milimani, kama vile Mbooni, Iveti na Kilungu, hunyesha ya kutosha mahindi, maharagwe na hata kahawa. Lakini kadiri mtu ateremkavyo kuelekea nyika ya kusini na mashariki, ndivyo mvua ipunguavyo, na miaka mingine msimu mzima hupita bila ya mvua ya maana.

Wataalamu wa maji wana kipimo chao. Husema kwamba nchi yenye chini ya mita 1,000 za ujazo wa maji yasiyo ya chumvi kwa kila mtu kwa mwaka ni nchi yenye uhaba. Maji hayo si ya kunywa tu, bali ni ya mashamba, mifugo na viwanda pia. Kenya imekuwa chini ya kipimo hicho kwa muda mrefu. Sababu yake ni nyepesi kufahamika: mwaka 1948 nchi nzima ilikuwa na watu wapatao milioni 5.4, na mwaka 2019 ilikuwa na watu 47,564,296. Mito ile ile na mvua ile ile hugawanywa kwa watu zaidi, na fungu la kila mmoja huwa dogo.

Haifai kudhani kwamba wananchi hawakuliona jambo hili. Mwaka 1967 Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa majira, nayo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa za Afrika kufanya hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alizaa, kwa wastani, watoto karibu wanane. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wastani huo umeshuka hata kufikia 3.4. Lakini watoto waliozaliwa katika miaka ile ya wingi wamekuwa wazazi, na watoto wao wamekuwa wazazi pia. Kwa hiyo idadi ya watu itaendelea kupanda kwa miaka mingi, hata kama kila nyumba ina watoto wachache. Basi swali si kama watu watakuwa wengi. Wameshakuwa wengi. Swali ni jinsi ya kuyahifadhi maji yaliyopo.

FUNZO LA MIAKA YA SHIDA

Si mara ya kwanza Ukambani kuambiwa kwamba watu na mifugo wameizidi nchi. Katika miaka ya 1930 maofisa wa Serikali ya wakati ule walipotembelea vilima vya Machakos, waliona makorongo, ardhi iliyochunwa majani, na udongo mwekundu ukichukuliwa na kila mvua. Wengine waliandika kwamba nchi hiyo itageuka jangwa la mawe na mchanga. Dawa waliyoichagua ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe wengi walikamatwa na kuuzwa. Watu wakakasirika, na maelfu yao, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko kwa majuma kadha wakidai mifugo yao. Mwisho wake Serikali iliacha mpango ule wa kukamata ng'ombe, ijapokuwa Muindi Mbingu mwenyewe alihamishwa akapelekwa Lamu.

Yaliyotokea baadaye ndiyo yanayostahili kukumbukwa. Kazi ya kuchimba matuta, ambayo ilichukiwa ilipolazimishwa, ilipata nguvu wananchi walipoifanya kwa desturi yao wenyewe ya mwethya. Mwethya ni chama cha majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho shamba la yule, na mwenye shamba huandaa uji au chakula. Katika miaka ya 1950 vyama hivi, ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake, vilichimba matuta kila upande wa vilima. Baada ya mwaka 1963 kazi ililegea kidogo, kisha ikashika kasi tena katika miaka ya 1970. Wachunguzi waliorudi Machakos karibu na mwaka 1990 walikuta watu wameongezeka mara tano na zaidi kuliko mwaka 1932, na bado udongo ulikuwa umehifadhiwa vizuri kuliko zamani. Nchi iliyotabiriwa kuwa jangwa ilikuwa ina matuta, miti na mazao.

Funzo lake ni kwamba wingi wa watu si lazima uwe maangamizi. Mikono iliyo mingi yaweza kuharibu nchi, nayo yaweza kuitengeneza. Lililo la maana ni kama watu wanaifahamu kazi, na kama faida ya kazi inawarudia wenyewe.

UKUTA WA MTO NA KAZI YAKE

Funzo hilo la matuta limetumika pia katika maji. Tangu miaka ya 1950 palijengwa kuta katika baadhi ya mito ya mchanga ya Ukambani. Kazi hiyo iliendelezwa na wananchi wenyewe. Katika mwaka 1978, huko Kola, wilaya ya Machakos, kikundi cha Utooni kilichoanzishwa na Joshua Mukusya kilianza kazi ya kujitegemea, nacho baadaye kilijulikana kwa kujenga kuta za namna hii na kuwafundisha wengine. Huko Kitui, tangu miaka ya 1990, shirika liitwalo SASOL limesaidiana na wenyeji kujenga mamia ya kuta hizo. Leo watu kutoka nchi nyingine hufika Ukambani kujifunza jambo hili.

Ukuta wenyewe ni rahisi kuueleza. Kwanza hutafutwa mahali ambapo mwamba uko karibu chini ya mchanga, na kingo za mto ni imara. Mchanga huondolewa mpaka mwamba uonekane, maana ukuta uliojengwa juu ya mchanga hupitisha maji chini yake, na gharika ya kwanza huung'oa. Kisha hujengwa ukuta wa mawe na saruji kukata mto toka ukingo hata ukingo. Mabawa yake huingizwa ndani ya kingo ili maji yasizunguke kando.

Mvua ikija, mto huteremka kwa kishindo ukiwa umebeba tope na mchanga. Tope ni jepesi, nalo huvuka juu ya ukuta pamoja na maji na kwenda zake. Mchanga ni mzito, hivyo huzama na kukaa nyuma ya ukuta. Baada ya msimu mmoja, au miwili, au minne, kwa kadiri ya mto wenyewe, nafasi yote nyuma ya ukuta huwa imejaa mchanga. Mtu asiyejua atasema kwamba bwawa limeharibika kwa kujaa. La, ndipo limekamilika. Katikati ya chembe za mchanga mna nafasi ndogo ndogo, na nafasi hizo zote zimejaa maji.

Bwawa la wazi hupoteza maji mengi kwa jua. Katika nyika hizi jua laweza kuvuta maji ya kina cha zaidi ya mita moja na nusu kwa mwaka. Maji yaliyo ndani ya mchanga, yakishashuka kiasi cha kimo cha goti au zaidi, hayaguswi sana na jua. Mbu hawawezi kuzaa ndani yake. Ng'ombe hawayakanyagi. Tena mchanga huyachuja yanapopita, ingawa maji ya shimo la wazi bado yapasa kuchemshwa kabla ya kunywewa. Kilicho bora zaidi ni kuchimba kisima kilichofunikwa, chenye pampu ya mkono, kando ya mto karibu na ukuta, na kuwawekea wanyama mahali pao mbali na hapo. Mchanga uliolowa hulowesha na kingo pia, ndiyo maana mahali penye ukuta wa miaka mingi watu hupanda mboga, migomba na miche ya miti ukingoni hata wakati wa kiangazi.

HESABU YA MTUNGI

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kulifanyia hesabu. Chukua, kwa mfano, mto wenye upana wa mita 20, ambao ukuta wake umezuia mchanga kwa urefu wa mita 500, kina chake kikiwa mita tatu ukutani na kupungua hata kwisha huko juu. Wastani wa kina ni mita moja na nusu. Mchanga wote utakuwa mita 15,000 za ujazo. Ikiwa ni mchanga wa chembe kubwa, maji yanayoweza kuchotwa humo ni kama robo ya ujazo wake, yaani mita 3,750 za ujazo, ambazo ni lita 3,750,000.

Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, hutumia lita 120 kwa siku, au karibu lita 44,000 kwa mwaka. Hivyo mto ule, ukijaa mara moja tu na bila ya kupoteza kitu, waweza kuzitosha nyumba 85 mwaka mzima. Mvua zikija mara mbili kama ipasavyo, mtungi hujazwa mara mbili, na mifugo hupata sehemu yake.

Sasa nyumba 85 zikawa nyumba 170. Ukuta haukurefuka, wala mchanga haukuongezeka. Maji yaliyotosha mwaka yatatosha nusu mwaka. Mama aliyekuwa akichota asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya saa mbili atakuta shimo lina foleni, na maji yako chini zaidi, na hungoja kwa saa nyingi yajitokeze tena. Mtoto wa kike aliyepaswa kuwa darasani ndiye hutumwa kulinda nafasi ya mitungi. Hivi ndivyo wingi wa watu uonekanavyo kijijini. Hauonekani katika vitabu vya hesabu, bali katika urefu wa foleni ya mitungi na katika kina cha shimo.

Dawa yake ni kujenga ukuta wa pili, na wa tatu, katika mto ule ule, ukuta mmoja juu ya mwingine, mpaka mto wote uwe ngazi ya mitungi. Katika Kitui kazi imefanywa hivyo katika mito mingi midogo, ili kila kijiji kiwe na mahali pake karibu, na maji yanayopita ukuta wa juu yakamatwe na ukuta wa chini.

MALORI YA MCHANGA

Lakini kuna jambo linaloweza kuibatilisha kazi yote hii. Mwaka 1948 mji wa Nairobi ulikuwa na watu wapatao 119,000. Mwaka 2019 ulikuwa na watu 4,397,073. Watu hao hukaa katika nyumba, na nyumba za siku hizi hujengwa kwa saruji na mchanga. Mchanga mzuri wa kujengea ni ule wa chembe kubwa, safi, usio na tope, yaani ndio ule ule unaohifadhi maji vizuri. Nao uko katika mito ya Ukambani, mwendo wa saa chache kutoka mjini.

Hesabu yake ni fupi. Lori linalopakia mita nne za ujazo wa mchanga huondoka na nafasi ya mita moja ya ujazo ya maji. Hiyo ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Mto ukichotwa malori 20 kwa siku, nafasi ya mitungi 1,000 imekwenda kabla jua halijatua. Mahali penye ukuta imara, gharika ijayo yaweza kurudisha sehemu ya mchanga. Lakini mahali pasipo na ukuta, au pale panapochotwa kuliko mto uwezavyo kurudisha, mchanga huisha mpaka mwamba uonekane. Mto wa namna hiyo hujaa maji siku ya mvua, na siku ya pili maji yote yamekwisha kwenda baharini. Kingo hubomoka, miti ya ukingoni huanguka, na visima vya jirani hukauka. Zaidi ya hayo, wachimbaji wengine hufukua hata chini ya kuta na nguzo za madaraja.

Si haki kuwalaumu wapakiaji peke yao. Wengi wao ni vijana wasio na kazi nyingine, ambao hupata fedha kidogo kwa kutwa nzima ya kupiga beleshi juani, na fedha hiyo hununua unga na kulipa karo. Faida kubwa huwafikia wengine walio mbali na mto. Wala si haki kumlaumu mjenzi wa Nairobi, ambaye naye atafuta mahali pa kulaza watoto wake. Walakini ni kweli pia kwamba bei ya lori la mchanga haihesabu mitungi 50 ya maji iliyokwenda nao. Anayeilipa bei hiyo ni mama wa kijijini, kwa miguu yake.

Ugomvi juu ya mchanga umekuwa mkali, na watu wamepoteza maisha yao kwa ajili yake. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na matumizi yake, na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Kusudi la sheria hiyo ni kwamba mchanga usichotwe pasipo kibali, na kwamba mto uliochoka upumzishwe. Ni hatua njema. Lakini sheria yahitaji macho ya kuilinda usiku, maana malori mengi hupenda giza, na macho yaliyo karibu zaidi na mto ni ya wanakijiji wenyewe. Pale ambapo wanakijiji walijenga ukuta kwa jasho lao, aghalabu hawahitaji kufundishwa thamani ya mchanga. Hujua kila jiwe lilipobebwa na nani.

Nao wajenzi wa mjini wana njia nyingine. Mawe yaliyosagwa katika machimbo hutoa mchanga wa kujengea, nao hutumika katika kazi nyingi kama ukitengenezwa vizuri. Maadamu mchanga wa mto wauzwa rahisi, wachache watautafuta ule wa mawe. Bei ya haki ya mchanga wa mto ingesaidia mambo yote mawili: kuwalipa wenyeji, na kuupumzisha mto.

KAZI IANZIE JUU YA KILIMA

Tena mto haulindwi mtoni tu. Maji yanayojaza mchanga hutoka mashambani. Shamba lisilo na matuta hutupa maji yote mtoni kwa saa moja, yakiwa yamebeba udongo mzuri. Udongo huo ukiwa mwingi mno, tope hukaa nyuma ya ukuta pamoja na mchanga, na nafasi za maji huzibwa. Lakini shamba lenye matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu, huyapunguza maji mwendo. Mengine huzama ardhini palepale na kuyalisha mahindi, na mengine hushuka polepole chini ya ardhi, yakafika mtoni baada ya majuma mengi. Matuta yakipandwa majani ukingoni, mkulima hupata pia chakula cha ng'ombe.

Kwa hiyo mwenye shamba juu ya kilima na mama achotaye maji bondeni wana jambo moja, hata kama hawajuani. Ndiyo sababu vikundi vilivyofaulu aghalabu vimefanya kazi zote mbili kwa zamu: msimu mmoja mawe na ukuta, msimu mwingine matuta na miche.

BATI LA NYUMBA

Iko na kazi ambayo kila nyumba yaweza kuifanya bila ya kungoja kikundi wala Serikali. Nyumba ya bati yenye urefu wa mita nane na upana wa mita sita ina paa la mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 500 kwa mwaka, ambayo si mvua nyingi, huliangushia paa hilo lita 24,000. Baada ya kuondoa zinazopotea, zaweza kubaki lita 20,000 hivi, yaani mitungi 1,000. Kinachohitajika ni mfereji wa bati pembeni mwa paa, na tangi la kuyapokea maji. Tangi kubwa ni ghali, lakini hata dogo, likijazwa na kutumiwa na kujazwa tena, humpunguzia mama safari nyingi za mtoni, na huuachia mchanga maji ya siku za kiangazi. Shule zenye mapaa marefu zaweza kufanya zaidi, na mtoto aliyefundishwa hayo shuleni huyapeleka nyumbani.

Mtu aweza kuuliza kama hayo yote yatatosha, ikiwa watu wataendelea kuongezeka. Jibu la kweli ni kwamba kuta, matuta na mapaa hayataumba mvua. Miji kama Machakos, Wote na Kitui itahitaji mabomba na mabwawa makubwa, na kazi hizo ni za Serikali. Lakini familia nyingi za Ukambani hazikai mijini, na bomba halitafika kila kilima upesi. Kwa familia hizo maji ya kesho yamo mchangani. Ukiwapo, mvua moja nzuri hutosha miezi mingi. Ukiondoka, hata mvua kubwa ni ya siku moja.

Nyuma ya ukuta mmoja wa mawe, uliojengwa kwa makarai na mikono ya majirani, watoto watachota maji wakati waliobeba mawe hayo watakapokuwa wamezeeka. Baadhi ya kuta za miaka ya 1950 zingali zimesimama na kufanya kazi hadi leo. Waliozijenga walikuwa wachache, na walionywa katika kuta hizo wamekuwa wengi kuliko walivyoweza kufikiri. Kwa hiyo kila kijiji chenye mto wa mchanga kinapaswa kufanya mambo matatu: kuujenga ukuta, kuyachimba matuta yaliyo juu yake, na kulizuia lori kabla halijashuka ukingoni. Atakayeyafanya mawili akaliacha la tatu atakuwa amejaza maji katika mtungi usio na kitako.